Historia: Namna bunduki ya Mauser ilivyobadilishwa masasi, toka jeshini mpaka pori la tembo

Ukitaja Mauser mbele ya wazee wa Aru, Mahagi ama Faradje, wengi watakuambia hiyo ni bunduki ya tembo. Hawakosei. Lakini bunduki hiyo haikuzaliwa kwa ajili ya tembo. Ilitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya askari, na risasi yake ilipimwa kwa mwili wa binadamu. Ili ifike porini na kumwangusha mnyama mkubwa, mafundi waliibadilisha masasi. Ukisikia hivyo unaweza kufikiri ni habari ya karakana tu. Hapa kaskazini-mashariki mwa Congo jambo hilo limeacha alama kubwa: katika pori la Lado, katika Garamba, na hata katika mikono ya watu.

Tunaileta historia hii leo kwa sababu bado ziko bunduki vijijini ambazo zinapigishwa masasi yasiyo yake. Anayejua zilivyobadilishwa zamani, kwa nini na kwa vipimo gani, atajua pia kwa nini mchezo huo unaua.

Kwanza tuelewane: risasi ni nini?

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Majina ya risasi nyingi za Ulaya ni vipimo. Ukisoma 9,3×62, namba ya kwanza inaeleza upana wa kichwa kwa milimita, na ya pili urefu wa ganda. Waingereza wao wanahesabu kwa inchi, ndiyo maana wanaandika .303 ama .404.

Mauser ni bunduki ya komeo. Mwindaji anainua mkono wa komeo, analivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Analisukuma mbele, risasi mpya inaingia chumbani. Analishusha, na bunduki inafungwa kama mlango. Komeo hilo ndilo ukuta kati ya moto wa baruti na uso wa mpigaji.

Kwa hiyo fundi anayebadilisha masasi ya bunduki ya komeo lazima akubaliane na vitu vinne. Mtutu uwe na upana wa kichwa kipya. Chumba kiwe na urefu na umbo la ganda jipya. Uso wa komeo, pamoja na ukucha unaovuta ganda, vishike kitako cha ganda hilo. Na magazini ipokee risasi bila kukwama. Juu ya hayo yote, chuma chenyewe kiweze kuvumilia nguvu ya baruti mpya. Kimoja kikikosekana, bunduki inakataa kazi, ama inapasuka.

Mkataba wa 1890: mzungu risasi, mwenyeji gobori

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, yakisema yanataka kumaliza biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa, hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu, kulikatazwa isipokuwa kwa ruhusa ya serikali. Congo yote iko ndani ya eneo hilo.

Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni gobori, ile bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo. Gobori haina namba ya risasi. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unaweka kipande cha chuma ama jiwe. Mzungu na askari wake walibaki na bunduki zenye masasi ya kiwandani. Tangu siku hizo, mwenye kugawa masasi ndiye mwenye kutawala.

Jambo hilo lilionekana wazi katika Force Publique, jeshi la Leopold II. Askari wengi walibeba Albini, bunduki ya milimita 11 inayopokea risasi moja moja. Masasi yalihesabiwa. Roger Casement, konsuli wa Uingereza aliyesafiri mtoni mwaka 1903, alieleza katika ripoti yake iliyotoka mwaka 1904 kwamba askari aliyetumwa kwenye mpira alitakiwa kurudisha risasi zote zilizobaki, na kwa kila iliyotumika alete mkono wa kuume wa mtu. Na kama askari alikuwa ametumia risasi kuwinda mnyama kwa ajili ya nyama, alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu ikubali.

Tusipite hapo haraka. Historia ya uwindaji wa bunduki katika Congo ina mikono ya watu ndani yake. Mnyama mmoja aliyeliwa kambini aliweza kulipwa na mtu wa kijiji ambaye hata hakuonja nyama hiyo.

Fundi wa Berlin na hesabu yake ya milimita

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa na mazungumzo mengine. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki mpya ya Paul Mauser, fundi wa Oberndorf. Ilikuwa na komeo gumu, ukucha mpana unaoishika risasi tangu inapotoka magazini, na matundu ya kutoa moshi pembeni kama ganda litapasuka. Ilipiga 7,92×57, na risasi tano zilikaa magazini.

Wajerumani waliokwenda kuishi katika makoloni yao, kama Tanzania bara ya leo na Cameroon, waliitaka bunduki hiyo porini. Ilikuwa rahisi kwa bei kuliko zile bunduki za mitutu miwili walizotengeneza Waingereza kwa mikono, ambazo zilinunuliwa na matajiri. Tatizo lilikuwa risasi. Ile ya askari ni nyepesi kwa nyati na tembo, hasa mikononi mwa mkulima ama karani asiye mwindaji stadi.

Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitoa jibu. Hakutengeneza bunduki mpya. Alichukua vipimo vya Mauser kama vilivyo na kuuliza ni risasi gani kubwa zaidi inayoweza kukaa humo. Ndivyo ilivyozaliwa 9,3×62. Ganda lake ni refu kuliko la askari kwa milimita 5, lakini risasi nzima inazidi ile ya zamani kwa milimita moja na nusu hivi tu, kwa hiyo magazini ya kawaida inaipokea. Kitako cha ganda ni karibu sawa na kile cha jeshi, kwa hiyo komeo na ukucha havikuhitaji kuguswa. Kazi kubwa ilikuwa kuweka mtutu mpya wenye chumba chake. Kichwa kilikuwa na uzito wa gramu 18 na nusu hivi, karibu mara mbili ya kile cha risasi ya jeshi ya siku hizo.

Tazama akili hiyo: vitu vinne tulivyotaja juu, Bock alibadilisha viwili na kuviacha viwili. Ndiyo sababu bunduki ilibaki ya bei nafuu, ikaenea Afrika, na mpaka leo risasi yake bado inatengenezwa.

Waingereza nao walitumia Mauser kwa njia ngumu zaidi. Kampuni ya Jeffery ya London ilitoa .404, yenye kitako cha karibu milimita 14 mahali ambapo Mauser ya kawaida ina 12. Hapo ilibidi uso wa komeo upanuliwe na magazini pia ipanuliwe. Ilikuwa kazi ya gharama, lakini bunduki hizo zilipewa walinzi wa wanyama wa serikali za Kiingereza, Kenya na Tanganyika, kwa ajili ya kuzuia tembo wanaoharibu mashamba.

Lado: risasi ndogo iliyoua tembo elfu

Sasa tufike kwetu. Kwa mapatano ya mwaka 1894, Leopold II alikodishiwa na Waingereza eneo la Lado, upande wa magharibi wa mto Nile. Leo sehemu yake iko Sudan Kusini na sehemu Uganda, upande wa Arua, ng'ambo tu ya mpaka wa Aru. Mapatano yalisema Lado itarudi kwa Waingereza Leopold akifa. Alikufa tarehe 17 Desemba 1909, na makabidhiano yakafanyika Juni 1910.

Katikati ya tarehe hizo mbili, utawala ulilegea, na wawindaji wa pembe walivuka Nile kwa wingi. Tembo wa Lado walikuwa wengi na wenye pembe nzito. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alifika hapo mwanzoni mwa 1910 kutafuta kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Kati ya bunduki zake mlikuwa na Springfield, bunduki ya jeshi la Marekani yenye komeo la mtindo wa Mauser, iliyokuwa imegeuzwa kuwa ya uwindaji.

Lakini jina kubwa zaidi la Lado ni la Mskoti W.D.M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya elfu moja. Wengi kati yao aliwapiga kwa Mauser ya 7×57, risasi ileile waliyoitumia Makaburu dhidi ya Waingereza katika vita vya 1899 mpaka 1902. Waingereza waliibatiza jina la .275 Rigby ili iuzike London, lakini ni risasi ya askari.

Aliwezaje? Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo unakaa wapi ukitazamwa kila upande. Alitumia kichwa kirefu kilichofunikwa chuma chote, kisichofunguka kinapogonga mfupa. Alikaribia, alingoja, alipiga mahali pamoja. Kwake yeye hakukuwa na haja ya kubadilisha masasi ya Mauser. Alibadilisha maarifa ya mpigaji.

Wengi walimwiga bila maarifa hayo. Matokeo yake ni tembo waliojeruhiwa, na aliyekutana na tembo mwenye jeraha mara nyingi ni mwanakijiji aendaye shambani, wala si mzungu aliyepiga. Na pembe hazikutembea zenyewe. Zilibebwa na wapagazi, wengi bila majina katika vitabu vya wawindaji.

Sheria inapobadilisha bunduki

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayakutokana na mnyama bali na woga wa serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walikataza masasi ya .450 katika India na Sudan, kwa sababu bunduki za zamani za jeshi lao za upana huo zilikuwa mikononi mwa watu waliowapinga, na hawakutaka masasi yawafikie. Mara moja mafundi wa London walitoa .465, .470 na .475. Tembo hakuona tofauti. Karani wa forodha ndiye aliyeiona.

Baada ya vita kuu ya kwanza, Ujerumani iliyoshindwa ilibanwa katika silaha na masasi ya jeshi lake. Wawindaji walikuwa na Mauser za 7,92×57 nyumbani. Mafundi walirefusha chumba kwa milimita tatu, na bunduki ikawa ya 8×60: mtutu uleule, komeo lilelile, jina jipya. Ufaransa nayo kwa miaka mingi iliweka masasi ya majeshi katika daraja la silaha za vita, na 8×60 ikapendwa na wawindaji wake, hata katika makoloni yake ya Afrika.

Hapo tunajifunza kwamba serikali ikiogopa, inashika masasi kabla ya kushika bunduki. Mkataba wa 1890 ulifanya hivyohivyo.

Ndugu wawili wasiolishana

Ubelgiji ilikuwa na Mauser yake, ya mwaka 1889, na kiwanda cha FN kule Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka huo kwa ajili ya kuitengeneza: bunduki 150 000. Risasi yake ilikuwa 7,65×53. Mwaka 1916, Force Publique ilipoingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na kuteka Tabora tarehe 19 Septemba, baadhi ya askari wa Congo walibeba Mauser hiyo na wengine walikuwa bado na Albini. Mbele yao kulikuwa askari wenye Mauser ya 1898, na wengine wenye bunduki kuukuu za 1871. Mauser za pande zote mbili zilitoka kwa fundi mmoja. Hata hivyo, aliyeokota masasi ya adui hakuweza kuyatia katika bunduki yake.

Wajerumani wenyewe waliliona tatizo la namna hiyo nyumbani mwao. Mwanzoni mwa karne walibadilisha kichwa cha risasi yao kutoka upana wa milimita 8,08 hivi kwenda 8,2 na zaidi kidogo. Ganda lilibaki lilelile. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha upesi, lakini kichwa kipana kikisukumwa katika mtutu mwembamba wa zamani, nguvu inapanda sana na bunduki inaweza kuharibika. Ndiyo maana bunduki zilizorekebishwa zilipigwa muhuri wa herufi S.

Israeli ilifanya vivyo hivyo miaka ya 1950 ilipobadilisha Mauser zake za zamani za Kijerumani kwenda 7,62×51. Waliandika 7.62 kwa namba kubwa kwenye kitako cha mbao, ili askari asikosee hata akiwa na haraka. Ubelgiji nayo baada ya vita vya pili ilichukua risasi ya Marekani, 7,62×63, na FN ikatengeneza Mauser za risasi hiyo, nyingine zikaja kwa Force Publique hapa Congo. Kwa hiyo katika nchi yetu hii moja, ndani ya miaka sabini, zilipita Albini ya 11, Mauser ya 7,65 na Mauser ya 7,62.

Garamba: komeo lilipoacha nafasi

Hifadhi ya Garamba ilianzishwa mwaka 1938. Miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya 20 000. Hesabu za miaka ya karibuni zinakuta chini ya 2 000. Kifaru mweupe wa kaskazini, yuleyule aliyefuatwa na Roosevelt, alibaki Garamba peke yake porini duniani: kama 15 mwaka 1984, wakapanda mpaka kama 30 mwaka 2003, kisha wakaisha. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Kenya tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu.

Waliomaliza kazi hiyo hawakutumia Mauser. Walitumia kalashnikov na masasi yake ya 7,62×39. Ni risasi ndogo, dhaifu kwa tembo kuliko zote tulizotaja, lakini inatoka kwa mfululizo na ni rahisi kupatikana. Hakuna tena haja ya kukata fuvu na kusoma mahali pa ubongo. Wanapiga kundi zima mpaka lianguke. Na silaha hizohizo zinageuziwa watu: Januari 2009 waasi wa LRA walishambulia Nagero, kituo kikuu cha hifadhi, wakaua.

Tunabaki na nini?

Vijijini mwetu gobori haijafa. Mafundi wa chuma wanatengeneza bunduki kwa bomba la maji, na nyingine zinapewa masasi ya kiwandani kwa kukadiria. Utasikia mtu akijisifu kwamba bunduki yake “inakula masasi yoyote.” Msomaji aliyefika hapa sasa anajua maana ya maneno hayo. Bock alihesabu milimita moja na nusu. Wajerumani walipiga muhuri kwa ajili ya tofauti isiyofika robo ya milimita. Bomba la maji halikupimwa kwa moto wa baruti, na komeo lake halikupimwa kwa lolote. Likipasuka, linachukua vidole, jicho ama uhai, na hospitali iko mbali.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka mwindaji awe na kibali. Mwenye bunduki ya marehemu babu iliyobaki darini afanye vema kuipeleka kwa wakubwa wa serikali mbele ya mashahidi wa kijiji, kuliko kumwachia kijana atafute masasi “yanayofanana.” Kinachofanana kwa macho si sawa kwa kipimo.

Zamani risasi moja ya uwindaji ilihesabiwa, na mkono wa mtu ukakatwa ili hesabu ikubali. Leo hakuna anayetudai hesabu hiyo. Kijana anayetia risasi ya kukadiria katika bomba la maji anautoa mkono wake mwenyewe, bila Leopold kumwomba.